Nati ya ekseli ya nyuma imegoma kwenye CG125: kabla hujaita mtu wa gesi

Mkuu, nimekusoma. Pikipiki CG125 ya mjomba imelala bandani Pangani miaka na miaka, unataka kubadili tairi la nyuma, nati namba 19 ya ekseli, ule mhimili wa chuma unaopita katikati ya gurudumu, haisogei, umeihangaisha kwa spana malaya mpaka pembe mbili zimeanza kulika, na sasa jirani anakwambia uite mtu wa gesi, yule wa kupasha na kukata chuma kwa moto. Hiyo spana malaya irudishe ilikotoka. Na mtu wa gesi asije leo.

Mimi kazi yangu ni pikipiki, niko Kilwa Masoko, na chumvi ya huku haina huruma na chuma. Pikipiki za wavuvi, za mabwana shamba, za walimu, zote zinaletwa na ugonjwa huo huo. Kabla hujagusa kitu, amua kwanza nani afe. Kwa yote yaliyoko pale nyuma, nati ndiyo ya bei ya chini kabisa, na duka lolote la spea wanayo. Ekseli inafuata, nayo haiumizi sana mfuko. Usichotaka kupoteza ni habu ya asili, yaani kitovu cha gurudumu, na swingamu, ule mkono unaobeba tairi la nyuma. Swingamu ikipinda, tairi halikai tena sawa na la mbele, na cheni itakula sproketi upande mmoja kila utakapoifunga mpya. Kwa hiyo nati ndiyo kafara. Ukishakubali hilo, maamuzi mengine yanakuwa mepesi.

Sasa, nini hasa kimeshika? Hapa watu wengi wanachanganya. Nati inaweza kushikana na nyuzi za ekseli, na ekseli yenyewe inaweza kushikana na bushi na beringi ndani ya habu. Dawa zake ni tofauti. Vika soketi kwenye nati, zungusha kidogo, mwenzako aangalie kichwa cha ekseli upande wa pili. Kichwa kikizunguka pamoja na nati, furahi: ekseli iko huru ndani, kilichobaki ni kukishika kichwa kisizunguke. Kisipozunguka, na nati nayo imetulia tu, huenda umeshikwa pande zote mbili, lakini unaanza na nati vilevile.

Siku ya kwanza usifungue chochote. Angalia kama nati ina ile pini ya kukunja inayopita kwenye tundu la ekseli. Kwenye pikipiki iliyokaa hivyo, pini huwa imeoza na kichwa kimekatika, mtu haioni, anasukuma nati masaa mazima dhidi ya kipande cha chuma kilichobaki ndani. Kitoe kwa msumari mnene na nyundo ndogo, au kitoboe kwa drili. Halafu chukua brashi ya waya usugue nyuzi zilizochomoza nje ya nati mpaka zing'ae. Hili mafundi wengi wanaliruka, na ndilo linalowaumbua: nati inalegea nusu mzunguko, kisha inakutana na kutu ya nje na kugoma upya, safari hii ikiwa imekula nyuzi.

Kisha mafuta. Dawa ya makopo ya kupuliza ni nzuri, ila kama huna, changanya ATF, yale mafuta mekundu ya gia za otomatiki, na tina ya rangi kiasi sawa kwenye chupa ndogo, utikise kila unapotumia. Mafuta ya taa matupu nayo yanafanya kazi, taratibu tu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana nati iliyokazwa kawaida tu zamani leo inabana kama imechomelewa. Mafuta yanatakiwa kupita kwenye ufa usioonekana kwa macho, na hayapiti kwa dakika tano.

Ujanja wangu ni kulaza pikipiki. Mwaga petroli yote, toa betri (ile ya maji ikimwagika itakula rangi na nguo), tandika magunia, ulaze pikipiki nati ikiwa juu. Zungushia nati ukingo mdogo wa udongo wa mfinyanzi, ujaze mafuta ndani ya kibwawa hicho, ulale. Ukikisimamisha chombo, mafuta yanatiririka chini na kuondoka. Angalizo moja: kama nati iko upande wa dramu ya breki, weka matone tu, usijaze. Breki shuu zikinywa mafuta hazifai tena, hata uzisugue msasa namna gani.

Asubuhi, kabla ya spana, nyundo. Shikilia nyundo nzito kwenye ubavu mmoja wa nati, gonga ubavu wa pili kwa nyundo ndogo, zunguka pembe zote sita. Huigongi ili izunguke, unaitikisa kutu ipasuke na mafuta yaingie. Usigonge ncha ya ekseli. Ncha ikitanuka uyoga, nati haitapita pale hata ikiwa imelegea kabisa.

Tukija kwenye vifaa. Tafuta soketi ya pembe sita, si ile ya meno kumi na mawili. Ya meno kumi na mawili inashika nchani kwenye pembe tu, na pembe zako tayari mbili zimeumia. Piga tupa kidogo kwenye mabavu ya nati yaliyovimba kutu ili soketi ikae mpaka chini. Kama 19 inacheza, usihangaike kutafuta ya inchi robo tatu, maana hiyo ni milimita 19.05, ni kubwa zaidi kwa unywele. Chukua soketi ya 18 iliyochoka, piga tupa mabavu ya nati mawili mawili mpaka soketi ianze kuuma, halafu ipige nyundo iingie kwa nguvu. Kwa wenye pikipiki kubwa zenye nati ya 24 bahati ni yenu: soketi ya inchi 15/16 ni milimita 23.81, inaingia kwa nyundo na kushika vizuri sana.

Shusha pikipiki chini kwenye matairi yake, mtu mzito akae juu ashike breki. Ukifanya kazi hii ikiwa kwenye stendi ya kati, itashuka na kukuangukia. Kichwa cha ekseli upande wa pili kivike spana ya ringi, uiegemeze kwenye swingamu au sakafuni ijizuie yenyewe.

Halafu, kabla ya kufungua, kaza. Ndiyo, kaza, kidogo tu, nukta moja. Mara nyingi kutu inavunjika upande huo kwanza, utasikia mlio mkavu wa "tak". Ukiusikia umeshinda. Rudi upande wa kufungua, nenda robo, rudi nyuma kidogo, tia mafuta, nenda tena. Mtu mwenye haraka anaendelea kuvuta upande mmoja tu, nyuzi zinajaa unga wa kutu, nati inashika katikati ya njia, na hapo kweli inakuwa kesi.

Kuhusu bomba la kuongeza wenzo. Pikipiki nyingi za 125 za dramu nati ya nyuma hukazwa jirani ya Nm 60 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mtu wa kilo 70 akiegemea bomba la mita moja anatoa karibu Nm 700. Ekseli ya unene wa milimita 12 haikuumbwa kubeba hiyo. Nimeletewa DT125 ambayo walivalisha bomba la maji kwenye racheti, wakaning'inia watu wawili: nati ilibaki pale pale, ekseli ikajisokota na vile vibati vya kurekebishia cheni vikajikunja ndani ya swingamu. Wenzo wa sentimita 50 au 60 unatosha. Usipotosha, tatizo si urefu wa wenzo, na utaongeza madhara tu.

Mishtuko mifupi ni bora kuliko mvuto mrefu. Kama hapo mjini kuna mtu wa matairi ya magari mwenye ile mashine ya upepo ya kufungulia nati, sukuma pikipiki umpelekee. Aiweke nguvu ya chini kwanza, apige mafupi mafupi, kaza na fungua kwa zamu, kwa soketi yake nyeusi nene. Soketi za kung'aa za kawaida zinaweza kupasuka na vipande vikaruka.

Sasa gesi. Simkatai mtu wa gesi, ninakataa aje wa kwanza. Moto wake ni mkubwa kwa kazi ndogo, na pale karibu kuna mpira wa tairi, sili za beringi, grisi, na mafuta uliyoyamwaga tangu jana. Ukiamua kupasha, pasha kwa jiko dogo la gesi la mkononi. Futa mafuta yote kwanza, toa tangi kabisa, funika tairi kwa gunia lililoloweshwa, weka ndoo ya mchanga karibu, na fanyia nje, kwa sababu nati yenye mng'ao wa zinki ikiungua hutoa moshi mbaya kifuani. Elekeza mwali kwenye nati tu, si kwenye ekseli, maana unataka nati itanuke wakati ekseli bado ina ubaridi. Isifike wekundu. Jaribu ikiwa ya moto, na ikigoma iache ipoe, gusisha mshumaa kwenye nyuzi ikiwa bado na joto la kuyeyusha nta, nta itavutwa ndani yenyewe. Nati iliyopashwa hairudishwi kazini.

Kwa hali ya nati yako ilivyolika, mimi nisingefika hata huko. Ningeipa usiku mmoja wa mafuta, asubuhi ya nyundo na soketi ya 18, na ikikataa ningeikata. Piga hesabu: nati ni 19 kwa bapa zake, ekseli ni 12, basi ukuta wa chuma ni milimita 3.5 tu. Kwa grenda ndogo na jiwe la milimita moja, vaa miwani, kata ubavu mmoja kwa kufuata urefu wa ekseli, ukiishia kina cha milimita 3. Hata msumeno wa chuma unaiweza kazi hii, ila mkono utalalamika. Kisha weka tindo kwenye mkato, piga mara moja ya nguvu. Nati inafunguka mdomo na kutoka kwa vidole, nyuzi zikiwa salama. Dakika chache, bila moto.

Ekseli ikigoma kutoka baada ya nati kuondoka, vika nati nyingine ya zamani, izungushe mpaka iwe sawa na ncha, ndipo ugonge kupitia kipande cha shaba nyekundu au mti mgumu, huku ukizungusha kichwa cha upande wa pili kwa spana. Kuzungusha ndiko kunakoitoa kwenye beringi, kugonga kunasaidia tu.

Wakati wa kurudisha, paka grisi nyembamba mwili wote wa ekseli, nati iwe mpya, pini iwe mpya, na usikaze kwa mguu. Nm 60 ni kama kilo 24 zikisukuma mwisho wa spana ya sentimita 25, mkono mmoja unatosha, ila kitabu cha pikipiki yako kikisema namba nyingine fuata kitabu.

Uliuliza pia kama ekseli za CG za Kichina zinaingiliana na ya Honda. Nyingine zinaingia, nyingine zinapishana urefu au unene, na kuna zenye nyuzi tofauti ingawa kwa macho zinafanana. Beba ekseli ya zamani pamoja na bushi zake mpaka dukani, na uijaribishe nati kwa vidole pale pale kaunta kabla hujalipa.