Tangi la duara la lita 20,000 liwe na kimo gani?

SWALI: Mhandisi, hujambo? Najenga tangi la duara la matofali la kuvunia maji ya mvua hapa Ahero. Kipenyo chake ni mita 3.6 ukipima kwa nje, na ukuta pamoja na plasta una unene wa sentimita 15. Nataka liingie lita 20,000. Fundi anasema kimo cha mita 2 kinatosha. Ni kweli?

JIBU: Sijambo. Hakitoshi, na nimefurahi umeuliza kabla ukuta haujapanda. Inaelekea fundi ametumia kipenyo cha nje, ilhali maji hukaa ndani. Toa sentimita 15 kila upande, unabaki na mita 3.3. Nusu yake ni 1.65. Zidisha 1.65 kwa 1.65, kisha kwa pai, yaani 3.142: eneo la sakafu ni mita za mraba 8.55. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 20. Gawa 20 kwa 8.55, upate mita 2.34.

Kwa mita 2 ungepata kama lita 17,100 tu. Pengo hilo ni mitungi 145 ya lita 20, na kiangazi kikishika mtauhisi kila mmoja wao.

Tena 2.34 ni kimo cha maji, si cha ukuta. Maji yaliyo chini ya bomba la kutolea hayatoki, na juu lazima ibaki nafasi ya bomba la maji ya ziada. Jenga mita 2.6.

Lakini kama msingi haujachimbwa na uwanja upo, mimi ningepanua: mita 3.6 iwe ya ndani, 3.9 ya nje. Hapo maji yanahitaji kimo cha mita 1.97 tu, kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe na kimo hakizidishwi hivyo. Ukuta nao unapumua, maana msukumo wa maji hukua kadiri kina kinavyoongezeka.

Msingi usiuchukulie kwa wepesi. Udongo mweusi wa hapo kwenu, kwenye nyanda za Kano, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na maji peke yake yana uzito wa tani 20. Chimbeni mpaka ardhi ngumu.

Fundi apigilie kigingi katikati, afunge kamba ya mita 1.8, na kila tofali la ndani lifuate kamba hiyo, akiacha nafasi ya plasta. Mstari wa kwanza ukiisha, pima kipenyo pande mbili zinazokatana. Vipimo visipolingana, arekebishe kabla ya kupandisha wa pili.