Taa ya injini inayowaka na kuzima: anzia kwenye betri na waya kabla ya kununua sensa

Taa ya cheki injini ikiwaka kwenye gari la zamani, wenye magari wengi hapa Dar hufanya moja kati ya mambo mawili. Mmoja huchomoa waya wa betri usiku, asubuhi anakuta taa imezimika, anamshukuru Mungu. Mwingine humfuata mwenye mashine ya kupimia, anasomewa kuwa ni sensa ya oksijeni, na jioni hiyo hiyo yuko Kariakoo anatafuta sensa. Wa kwanza amemfukuza shahidi, wa pili amemwamini shahidi bila kumhoji. Kwa hitilafu inayokuja na kupotea, kumbukumbu ya kompyuta ya gari ndiyo shahidi wako mkubwa, kwa hiyo naomba sana: usichomoe betri kabla misimbo, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa humo, haijasomwa na kuandikwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi gereji. Kwenye magari ya OBD2, yaani mfumo wa gari kujipima lenyewe kwa kompyuta, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mapya kuanzia ya mwaka 1996, hitilafu isipojirudia kwa safari tatu mfululizo taa huzimika yenyewe. Msimbo haufutiki siku hiyo. Hubaki mpaka injini iwe imewaka ikiwa baridi na kupata moto mara kama 40 bila tatizo kurudi. Kwa hiyo hata taa ikiwa imezimika, nenda kapime. Tena mwambie fundi asiishie kwenye namba ya msimbo, akufungulie na hali iliyohifadhiwa hitilafu ilipotokea: maji yalikuwa na joto gani, injini ilikuwa inazunguka kiasi gani, gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Msimbo P0300, yaani injini inamisi bila silinda maalum, ukitokea asubuhi kukiwa na baridi ni habari tofauti kabisa na ukitokea kwenye mlima gari likiwa na mzigo.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji hata mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unaweka swichi ON bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mbili, ikatulia, ikapepesa tena mbili, hiyo ni 22, yaani njia ya umeme ya sensa ya joto la maji. Ikipepesa haraka kwa mpangilio mmoja bila kukoma, hakuna kilichohifadhiwa. Soma maandishi ya matundu kwa makini, maana mengine humo yana umeme wa betri.

Sasa tuje kwenye gari kugoma kuwaka, tatizo linaloweza kuja pamoja na taa hii. Hapa mita ya umeme ya bei rahisi itakuokolea fedha kuliko kifaa kingine chochote. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 iko karibu kuisha, na malalamiko yako kuhusu sensa yasubiri kwanza. Mtu akipiga stata, isishuke chini ya 9.6 au hapo karibu. Injini ikiwa inaunguruma, altaneta, yaani mashine inayochaji betri, ikupe kati ya 13.8 na 14.5. Kompyuta ya gari ikikosa umeme wa kutosha wakati wa kuwasha, hurekodi misimbo ya ajabu ambayo haina uhusiano na sensa yoyote mbovu.

Baada ya betri, pima erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, na kwa magari yanayoishi karibu na bahari nimeikuta ndiyo chanzo mara nyingi mno. Gari moja la familia lilikuwa na tabia ya kuwaka vizuri asubuhi na kugoma mchana, huku taa ya injini ikija na kuondoka, na kila msimbo ukitaja sensa nyingine. Sensa zilikuwa zimeshabadilishwa. Niliweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini, nikaomba stata ipigwe. Hapo unatarajia kuona isiyozidi volti 0.2 hivi, mita ikapanda kupita volti moja. Waya wa erthi kati ya injini na bodi ulionekana mzima, ila chini ya bolti palikuwa na kutu ya kijani. Tulifungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu. Ndiyo maana nasema: ukipata misimbo mitatu ya sensa zisizohusiana, tafuta waya ambao zote zinautumia kabla ya kuilaumu yoyote kati yake.

Sikiliza pia gari linavyogoma. Milio ya haraka ya tak-tak-tak ni betri dhaifu au vichwa vya betri vilivyolegea. Mlio mmoja wa "tak" kisha kimya, taa za dashibodi zikiwa bado na nguvu, mara nyingi ni shaba zilizolika ndani ya solenoidi, yaani swichi kubwa ya umeme ya stata. Zinauzwa peke yake, kwa hiyo usikubali haraka kuambiwa ununue stata nzima. Kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N. Likiwaka, swichi ya gia ina tatizo.

Stata ikizungusha vizuri lakini injini haishiki, hasa gari likiwa la moto baada ya foleni, na likawaka lenyewe baada ya kupoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krenki. Waya mwembamba ulio ndani yake hukatika joto likipanda na kugusana tena likishuka. Kwenye magari mengi, tazama mshale wa mzunguko wa injini wakati stata inazungusha: usipotikisika hata kidogo, kompyuta haipati habari kuwa injini inazunguka. Pampu ya mafuta nayo isihukumiwe kwa ukimya wake, kwa sababu Toyota nyingi za zamani haziiwashi mpaka injini ianze kuzunguka.

Taa ikipepesa huku unaendesha, punguza mwendo na usikanyage mafuta kwa nguvu. Hapo injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega kwenye ekzosi, yaani kifaa cha kusafisha moshi.

Weka daftari dogo garini. Andika saa, injini ya moto au baridi, mvua au jua, mafuta kiasi gani kwenye tangi, umetoka kupiga matuta au la. Fundi mzuri akiusoma ukurasa huo atajua aanze kutikisa waya zipi wakati injini inaunguruma. Na mkishatengeneza, futeni misimbo, kisha liendesheni gari katika hali ile ile iliyokuwa inaleta tatizo kabla ya kulipana: kama lilikuwa linagoma saa nane mchana baada ya foleni, lipelekeni kwenye foleni saa nane mchana.