Rangi za mafuta kwa mara ya kwanza: tunajibu maswali yenu

Rangi ya mafuta ya hadiwea, ile ya kupaka milango, haifai kuchorea picha? Mbona wachoraji wa Tingatinga wanaitumia? (Msomaji, Tanga)

Kwa mtindo wao inafaa sana. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, nazo hukauka kwa saa chache na kuacha mstari safi. Anayetaka kuchora papo kwa papo, bila mchoro wa awali, anahitaji kinyume chake. Rangi ya tyubu imesagwa na mafuta ya mbegu za kitani, hubaki mbichi siku kadhaa, na huo ubichi ndio unaokuruhusu kufuta, kusukuma na kubadili nia.

Ninunue nini kwa kuanzia?

Tyubu 5: nyeupe ya titaniamu (chukua kubwa, ndiyo itakayoisha kwanza), njano, nyekundu ya alizarini, bluu ya altramarini na kahawia ya amba. Brashi 2 bapa za manyoya magumu, za upana wa sentimita 1 na 2.5, kisu cha kuchanganyia, tapentaini, na turubai ya sentimita 30 kwa 40 iliyokwisha kupakwa geso (rangi nyeupe ya msingi). Mafuta ya taa yaache jikoni. Hayapai upesi, na masalia yake hufanya rangi inate kwa muda mrefu.

Sitaki penseli wala picha ya kuiga. Naanzaje? (Msomaji, Nakuru)

Kamua amba kidogo, ilegeze kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, kisha funika turubai yote kwa brashi kubwa, haraka haraka. Ngoja dakika 5. Zungushia kidole kitambaa kikavu cha pamba, uanze kufuta: unapofuta panakuwa mwanga, unapoacha panabaki kivuli. Futa mahali patatu au pane, pasilingane ukubwa. Rudi nyuma hatua tatu, finya macho, geuza turubai pande zote nne. Mara nyingi upande mmoja utakuonyesha kitu, labda bega, paa au ukingo wa maji. Hapo ndipo unapoamua, si kabla.

Sasa weka giza, jembamba; altramarini na amba zikichanganywa hutoa weusi wenye uhai kuliko ule wa tyubu. Fuata rangi za kati, mwanga uje mwisho, mnene, hata kwa kisu. Ukikosea, kwangua hadi chini, usipake juu ya kosa. Na ujiwekee kikomo cha saa moja na nusu. Hili tunalisisitiza: kazi nyingi za namna hii huwa nzuri mapema, kisha huuawa na marekebisho.

Kwa nini kila nikichanganya napata tope?

Brashi chafu, na mkono usiotulia. Rangi mbichi ya juu huchota ya chini kila unapopita tena. Tenga brashi ya giza na ya mwanga, zifute kila baada ya mpako mmoja au miwili, beba rangi ya kutosha, gusa mara moja, ondoa mkono. Changanya rangi mbili na nyeupe, basi. Nyekundu, njano na bluu zikikutana zote hufishana.

Wiki mbili haijakauka. Niianike juani?

Hapana. Mafuta haya hayapotezi maji, hukauka kwa kuvuta oksijeni. Jua kali litakausha ngozi ya juu huku ndani kubichi, nayo itakunjamana. Iache penye mwanga na hewa. Amba hukauka upesi, alizarini hukawia. Ukiongeza tabaka, la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka. Vanishi ingoje miezi 6 hadi 12.

Vitambaa nivitupe wapi?

Visirundikwe pipani kamwe! Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo lililobanana laweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vilowekwe maji kwenye kopo la bati lenye kifuniko.