Maswali na majibu: Warsha ya watu 24, wanaosema wawili

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Msimu uliopita magunia mengi ya wanachama yalikataliwa ghalani kwa sababu korosho hazikukauka au hazikuchambuliwa. Bodi imenipa siku moja na watu 24 tutafute ufumbuzi. Kikao cha mwisho alisema mwenyekiti na mzee mmoja, wengine tuliitikia tu mpaka chai. Kina mama hawakufungua mdomo kabisa. Wapo pia wasiojua kuandika. Niiendesheje siku hiyo?

JIBU: Pole na majukumu, katibu. Watu 24 mkiwapa zamu moja ya kusema, zamu hiyo itachukuliwa na mwenye cheo, hata kama hana nia mbaya. Kwa hiyo wakati wa kutafuta ufumbuzi watu wafikiri kimyakimya kwanza, ndipo waseme.

Hili lina historia. Mtindo wa kukaa pamoja na kurusha mawazo kwa sauti ulienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliupima. Watu wanne waliofikiri pamoja walitoa mawazo machache kuliko wanne waliofikiri kila mtu peke yake, kisha ya kwao yakajumlishwa. Mwaka 1987 watafiti Diehl na Stroebe wakaonyesha sababu kubwa ni kusubiri zamu: mwenzako anaposema, lako linakupotea au unaliona halina maana tena.

Mimi ningeanza na gunia. Tafuta korosho mbovu za kweli, mzimwage kwenye turubai katikati ya ukumbi, na pembeni uweke kilo chache zilizokauka sawasawa. Kila mtu achukue, atikise sikioni. Iliyokauka inagonga ndani ya ganda. Mbichi iko kimya. Waache wabishane dakika ishirini: hii iliokotwa lini, ilianikwa chini au kwenye mkeka, nani alichanganya na za mwaka jana? Hapo kina mama watasema bila kuombwa, maana kwenye nyumba nyingi wanaookota na kuanika ni wao.

Kutokana na ubishi huo andika swali moja kwenye bango kitita. “Tuboresheje ubora wa korosho?” ni swali la hotuba, litakuletea hotuba. Jaribu hili: “Mvua ikianza kabla hatujamaliza kuokota, tufanyeje gunia lifike ghalani likiwa kavu?” Hilo mtu anaweza kulijibu.

Sasa wagawe sita sita, meza nne. Mjerumani Bernd Rohrbach alitoa utaratibu wa kuandika mawazo kimyakimya mwaka 1968: watu sita, kila mmoja mawazo matatu kwa dakika tano, kisha karatasi inapita kwa jirani ambaye anaongezea, mpaka izunguke yote. Nusu saa inatoa mawazo 108 kwa meza moja. Kwa meza nne utazama kwenye karatasi, kwa hiyo punguza: mawazo mawili, mizunguko minne, yaani 48 kwa meza, na mengi yatajirudia. Asiyeandika akae jirani na kijana wa kumwandikia, amnong’oneze. Kuchora pia ruksa. Usiwakusanye wasioandika kwenye meza moja, utakuwa umewatangaza.

Mwenyekiti afungue kikao kwa salamu, kisha akae mezani kama mjumbe, na asiseme msimamo wake mpaka kura zipigwe. Mwombe jana yake, faraghani. Ukimwomba mbele za watu umemvunjia heshima. Na wakati wa kutoa mawazo pasiwe na kukosoa. Utani wetu wa kusini ni mtamu, lakini kumcheka mtu kwa alichoandika ni kumkosoa vilevile.

Baada ya chakula watu husinzia. Geuza swali: “Tufanye nini ili korosho zote zikataliwe?” Watacheka, watataja kuanika kwenye udongo, kufunga gunia usiku, kuchomeka mbovu katikati. Kila jibu ligeuzwe liwe hatua.

Kura ni rahisi. Mpe kila mtu korosho tatu, unganisha mawazo yanayofanana, weka kopo lenye mdomo mwembamba mbele ya kila wazo, watu wapite mmoja mmoja na wengine wayape makopo kisogo. Msiinue mikono, maana mikono humfuata mzee.

Chagueni mawili tu. Kila moja liwe na jina la mtu, kitongoji cha kujaribia na tarehe. Karani wa ghala aandike magunia yaliyokataliwa kutoka kitongoji hicho na kutoka kingine kisichojaribu, kwa wiki mbili za mwanzo wa msimu. Mkiwahi kufanya warsha Septemba, mtakuwa na muda wa kutengeneza vichanja vya kuanikia kabla ya minada. Na posho ilipwe jioni, baada ya kura.