Wakala kanyamaza tangu usaili. Nimpigie tena?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Chuno hapa Mtwara mjini, nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Mwanzoni mwa Septemba niliitwa kwenye usaili wa ukarani wa ghala la korosho. Aliyeusimamia ni wakala wa ajira kutoka Dar es Salaam, akiwa na meneja wa ghala lenyewe. Mwisho wakala akaniambia, "Tutakupigia ndani ya wiki mbili." Sasa wiki ya tatu inakatika. Nimempigia mara kadhaa hapokei. Nikajaribu kwa laini ya dada yangu, akapokea, aliposikia jina langu akasema yuko kikaoni. Mjomba anataka niende ghalani nikamuulize meneja uso kwa uso. Halafu kuna kijana tuliyekuwa naye siku ile, anasema nitume elfu thelathini kuna mtu wa "kusukuma faili". Nifanyeje?
Msomaji, Chuno

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo elfu thelathini nunulia mchele. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi. Anayemlipa ni mwajiri. Na kama wakala mwenyewe haruhusiwi kukutoza, huyo kijana anayesukuma mafaili anayasukuma kutoka wapi? Asiendelee kukupotezea muda.

Sasa wakala. Nimefanya kazi ofisi ya utumishi miaka mingi, hapa hapa kusini, na makampuni yanayoishi kwa korosho, kwa hiyo upande wa pili wa hiyo simu naujua. Wakala hana kazi ya kukupa. Kazi anayo mwenye ghala. Wakala alikwishapeleka majina yenu machache na maoni yake, na sasa anasubiri kama unavyosubiri wewe. Mwenye ghala naye, mwezi huu wa Septemba, ana mengi mezani: leseni kutoka Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, Wakala wa Vipimo waje kukagua mizani, magunia, dawa ya wadudu, paa linalovuja kabla ya mvua. Jina la karani husainiwa mwisho, wakati mwingine siku moja kabla ya mzigo kuingia. Ndiyo maana hapokei simu. Hana la kukwambia, na watu wengi wakikosa la kusema huona aibu kulisema.

Kwa hiyo usipige. Andika. Ujumbe anausoma akiwa kwenye foleni au akingoja chai, tena anaweza kumtumia mwenye ghala vilevile ulivyo, kitu ambacho simu yako haiwezi. Tuma asubuhi ya siku ya kazi, si Jumatatu wala Ijumaa mchana, na utume kutoka kwenye namba yako aliyonayo kwenye fomu. Ile laini ya dada iache kabisa. Mtu akishapokea namba asiyoijua akakuta ni wewe, anaanza kuziogopa namba zote asizozijua, na hilo linawaumiza hata wenzako. Kubipu ndiyo usithubutu. Nimewahi pia kuona waombaji wanaomtumia afisa ajira dua za kila Ijumaa zenye picha ya maua. Dua ni njema, lakini zinaufukia ule ujumbe mmoja wenye maana.

Andika hivi, ukibadilisha panapohusu:

"Habari za asubuhi. Naitwa (jina lako kamili). Tarehe (siku ya usaili) mlinisaili Mtwara kwa nafasi ya karani wa ghala. Mlisema majibu ni ndani ya wiki mbili. Naomba kujua kama uamuzi umefanyika, na kama bado, niulize tena lini. Nafasi bado naihitaji na ninaweza kuanza mara moja. Ahsante."

Hapo hakuna lawama wala "nimekaa nasubiri sana". Swali linajibika kwa mstari mmoja, na yeye ndiye anayekupangia siku ya kuuliza tena. Akisema tarehe 10, unauliza tarehe 10. Asipojibu kabisa, subiri wiki moja, tuma mara ya pili kwa barua pepe, kisha nyamaza.

Kuhusu mjomba: nia yake ni njema, lakini ghalani usiende. Meneja amemlipa wakala ili asizungukwe na waombaji getini. Mtwara ni mji mdogo, mtakutana sokoni au msikitini. Msalimie kwa adabu, jitambulishe kama hakukumbuki, kazi usiitaje. Kama mjomba anafahamiana naye kweli, aulize jambo moja tu: nafasi imeshajazwa? Asikuombee.

Na uzuri wa kazi ya msimu ni kwamba kimya chake kina mwisho. Minada ya korosho ya TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima huku kwetu, kwa kawaida huanza Oktoba, na ghala haliwezi kupokea gunia hata moja bila mtu wa kusoma mizani na kuandika. Ukiona malori yameanza kushusha pale na simu yako haijalia, jua nafasi imepata mwenyewe, hata kama hakuna aliyekwambia. Hapo usikasirike ukafuta namba. Novemba mzigo ukizidi, maghala mengi huongeza makarani wa zamu, na kuna anayeugua, kuna anayekutwa na upungufu wa magunia akaondolewa. Ujumbe mfupi wakati huo, "bado nipo Mtwara na ninaweza kuanza kesho", una nguvu kuliko simu zote za Septemba. Mwombaji anayeishi Chuno hana nauli wala pango la kugharamiwa, na meneja mwenye foleni ya malori hilo analijua.

Huku ukisubiri, peleka barua maghala mengine. Wakala hakukuoa.

SWALI: Nilifaulu usaili wa mahojiano wa serikali lakini jina halikutoka kwenye waliopangiwa kituo. Nifunge safari Dodoma nikafuatilie?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Usichome nauli. Sekretarieti ya Ajira hutangaza majina kwenye tovuti yake na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Waliofaulu wakazidi nafasi zilizopo huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada hiyo ikipatikana wanaweza kupangiwa humo. Ingia leo kwenye akaunti, hakikisha namba ya simu iliyopo ndiyo unayotumia na barua pepe bado unaifungua. Laini ikiwa ni ile uliyoipoteza mwaka jana, kairudishe.