Uingereza imezimaje makaa ya mawe bila gridi kuanguka?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nasikia Uingereza haifui tena umeme kwa makaa ya mawe hata kidogo. Upepo hutulia na jua huzama. Wamejaza pengo kwa nini, na gridi yao haiyumbi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Ni kweli. Kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar chenye megawati 2,000, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yakitoa takriban asilimia 40 ya umeme wao.

Mwanzoni gesi ndiyo iliyobeba mzigo. Kuanzia 2013 serikali iliwatoza wenye vituo tozo ya ziada ya hewa ukaa, ikapanda hadi pauni 18 kwa tani. Kwa kila uniti ya umeme makaa hutoa hewa ukaa karibu maradufu ya gesi, basi hesabu ikawakataa. Sheria ya Ulaya ya moshi nayo ilifungisha vituo vikongwe. Drax, kikubwa kuliko vyote, kikageuzwa kuchoma mbao (kama huo ni umeme safi, bado watu wanabishana, na mimi nina mashaka). Baadaye upepo wa baharini ukashika nafasi, zikalazwa nyaya kutoka nchi jirani, na matumizi yenyewe yakapungua.

Kuyumba ndiko kugumu zaidi. Turbaini ya makaa na jenereta lake ni chuma kizito kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, sambamba na masafa ya gridi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo ni hezi 50. Kituo kimoja kikitoka ghafla, chuma cha vituo vingine hakipungui mwendo papo hapo; kinawapa waendeshaji sekunde chache za kuingiza umeme mwingine. Umeme wa jua, na wa upepo kwa sehemu kubwa, hupitia inveta, yaani kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme bila chuma kinachozunguka, kwa hiyo hauna msukumo huo wa bure. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga laini, kisha shamba la upepo la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vikatoka karibu kwa pamoja. Masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatwa ili gridi isianguke yote.

Tangu hapo wameongeza betri, ambazo huitikia chini ya sekunde moja. Pia, ili kurudisha msukumo ule, wamefunga mashine zinazozungushwa na umeme wa gridi yenyewe bila kuchoma chochote, nyingine zikiwa na gurudumu zito kwenye mhimili. Mojawapo iko Lister Drive, Liverpool, palipokuwa na kituo cha makaa.

Kwetu Tanzania msukumo huo tunaupata kwenye maji: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, yote mizito. Mimi naogopa ukubwa wa kila mtambo. Gridi yetu ni ndogo, na megawati 235 zikitoka kwa mpigo, masafa yatashuka haraka kuliko yangeshuka kwao kwa hasara hiyohiyo.