Mwanangu, Usiisubiri Zohali

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Huku Ujiji sote wazima. Bibi yako presha imeshuka na juzi kaenda mwenyewe hadi kwa jirani kuhani msiba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, kisha nikaurudia usiku watu walipolala. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, maana maneno ya simu hupita.

Unasema tangu mwisho wa mwaka jana huandiki. Unafungua kompyuta, unaangalia ukurasa, unaufunga. Sehemu za tamthilia wanaandika wenzako na wewe unasahihisha tu. Na hapohapo kampuni inataka uongoze timu nzima ya waandishi kwenye tamthilia mpya, ada ya mdogo wako iko juu yako, dawa za bibi ziko juu yako, kodi ya nyumba nayo haisubiri. Ukamtafuta mnajimu mtandaoni. Akakwambia sayari ya Zohali imerudi pale ilipokuwa ulipozaliwa, kwa hiyo nyota yako imefungwa, usishike kazi yoyote mpya mpaka ipite, na uvae pete ya jiwe atakalokuuzia yeye. Ukaniuliza: "Mama, ni kweli? Nisubiri?"

Usisubiri, mwanangu. Pete usinunue.

Sikuambii hivi kwa kudharau. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi na anga naipenda. Huyo mtu kasema jambo moja la kweli. Zohali huzunguka jua kwa takriban miaka 29 na nusu, na wewe umezaliwa Februari 1996, kwa hiyo hesabu yake inakaa sawa. Lakini haikurudi kwako peke yako. Zohali hukaa kwenye buruji moja, yaani nyota moja kati ya zile kumi na mbili za wanajimu, karibu miaka miwili na nusu. Maana yake darasa lenu zima la msingi, na la mbele yenu, na watoto wa rika lenu kuanzia hapa mpaka Brazili, wote Zohali imewarudia. Wafikirie wale uliokaa nao dawati moja. Mmoja kaolewa majuzi, na harusi yake ilifunga mtaa. Mwingine kafungua duka la vifaa vya ujenzi kule Mwanga. Mwingine mumewe kamwacha na watoto wawili. Sayari ni ileile juu yao wote watatu, nani basi kafungiwa?

Halafu umesema alikuuliza jina langu. Hapo nilishtuka kidogo, kisha nikaelewa. Hiyo ni njia ya zamani sana kule pwani na huku bara: herufi za Kiarabu zina hesabu zake, alifu moja, be mbili, jimu tatu, mpaka ghaini elfu moja. Jina lako linajumlishwa na la mama yako, zinatolewa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Sasa tazama. Kwa tarehe ya kuzaliwa amekuambia wewe ni Ndoo. Kwa majina yetu amekuambia wewe ni Simba. Hukumuuliza Zohali imekufunga ukiwa Ndoo au ukiwa Simba? Na hapa Ujiji wakina Mwajuma binti Asha kama wewe utawakuta kila mtaa, wengine wana wajukuu na wengine bado wananyonya.

Najua kwa nini maneno yake yalikuingia. Tangu enzi za Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, Watanzania tumezoea kuzisoma nyota zetu magazetini na kuzisikiliza redioni, na tukikuta neno linalotugusa tunasema "ni mimi huyu". Mtu akimwambia binti wa miaka ishirini na tisa kwamba majukumu yamemzidi, atakuwa amekosea kwa wangapi? Umri huo ndio wazazi wanazeeka, wadogo wanasoma, wakubwa kazini wanaanza kukutazama wewe. Uzito unaousikia ni wa kweli kabisa. Chanzo chake ndicho alichokipeleka mbali, karibu kilomita bilioni moja na nusu kutoka kwenye kiti ulichokalia, wakati chanzo unakijua na umenitajia mwenyewe kwa majina.

Dini yetu hili halikuliacha hewani. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakasema jua limeshikwa kwa kifo cha Ibrahim. Hebu fikiria, baba yuko kwenye msiba wa mtoto, na watu wanampa mbingu nzima ziomboleze pamoja naye. Akakataa. Akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Huwa nikiisoma hadithi hii nanyamaza kwanza. Na walipomuuliza juu ya miezi inayoandama, jibu lililoshuka katika Suratul Baqara ni kwamba hiyo ni vipimo vya nyakati kwa watu, na kwa Hija. Ndiyo maana masheikh waliojua kuhesabu mwendo wa nyota kwa ajili ya kibla na nyakati za swala waliheshimiwa, na anayedai kujua kesho yako walituonya naye. Unaijua hadithi isemayo kwamba anayemwendea mpiga ramli kumuuliza hakubaliwi swala za masiku arobaini. Sikukumbushi ili nikutishe. Rudi tu kwa Mola wako, mlango uko wazi.

Sasa nije kwenye kuandika, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipo.

Umekulia hapa lakini ulikuwa mtoto wa vitabu, mwaloni ulikuwa unaziba pua. Siku hizi nakwenda Kibirizi mara kwa mara kununua dagaa wa kuanika, na nimewatazama wavuvi kwa karibu. Siku za giza ziwa usiku linawaka taa kama kuna mji mwingine ng'ambo. Dagaa wanafuata mwanga wa taa, migebuka wanawafuata dagaa, alfajiri mitumbwi inarudi na kila mtu anapiga kelele ya bei. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mwanga unatawanyika ziwa zima, taa haikusanyi kitu. Basi mitumbwi inabaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Na hapo sijaona hata mmoja aliyekaa kuulizia nyota yake. Nyavu zinatandazwa mchangani, mtu kaushika uzi kwa vidole vya miguu, sindano ya mti mkononi, anapita tundu kwa tundu. Akikuta pamechanika anakata pembeni mpaka apate uzi mzima, ndipo anaanza kufunga. Mwingine anaziba nyufa za mtumbwi kwa pamba. Mwenye chombo anahesabu madeni na watu wake. Wanajua giza litarudi, na likirudi nyavu mbovu haitapewa nafasi ya pili.

Wewe uko kwenye mbalamwezi, mwanangu. Umeandika miaka mitano mfululizo bila kupumua, msiba wa baba yako ukaupita ukiwa unaandika, kichekesho juu ya kichekesho kwa sababu kampuni ilikuwa na tarehe. Hujamlilia baba yako. Mimi ni mama yako, nimeona. Sasa kalamu imegoma, na ninavyoamini mimi ina haki.

Kwa hiyo chukua wiki mbili, zihesabu kabisa, usiandike tamthilia. Usahihishe kazi za wenzako vizuri kuliko unavyosahihisha sasa, maana hiyo nayo ni kazi na unaifanya kwa hasira. Panda daladala bila spika za masikioni, usikilize watu wanavyogombana. Nenda Kariakoo siku huna cha kununua. Andika mambo ya baba yako kwenye daftari, si kwa ajili ya mtu yeyote kusoma: alivyokuwa anakunja shati, alivyokuwa anamwita bibi yako, mlivyogombana ile Idi. Siku ya kumi na tano ukishaswali alfajiri ukae mezani saa moja kabla hujagusa simu. Yakija maneno, yaje. Yasipokuja, kaa hiyo saa moja uimalize, kesho urudi. Saa moja tu, usijiadhibu.

Na kimya kisikutie hofu ya kwamba umeachwa. Sikufananishi na mitume, Mungu aniepushe, lakini hata wahyi, yaani ufunuo aliokuwa akishushiwa Mtume, ulikatika kwa muda, na watu wakamcheka Mtume kwamba Mola wake kamtupa. Ikashuka Wadh-dhuha: Mola wako hakukuacha wala hakukukasirikia. Bibi yako alikuwa akinisomea sura hiyo nilipokuwa mja mzito wako na nimelazwa. Isome kwenye sunna zako za asubuhi, kwa utulivu, usiikimbize.

Lipo jambo la majukumu, na hapa sitakubembeleza sana. Jukumu lako na jukumu ulilobebeshwa kwa kuwa huwezi kusema hapana ni vitu viwili. Kuwatunza tulio nyuma yako ni kwako, na Mungu atakulipa. Lakini hakuna aliyesema uwatunze peke yako. Kaka yako yuko Kasulu, ana shamba na ana kazi, na miaka miwili hii anakusifia kwenye simu wewe unalipa. Nimeshamwambia, kuanzia mwezi ujao dawa za bibi ni zake. Aliguna, akakubali. Mdogo wako nimemwambia dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa aombe, hata waliokwisha kuanza chuo wanaomba. Akipata, wewe utabaki na pesa yake ya kula. Akikosa, tutauza dagaa zaidi na tutachanga. Usiku usiomkaa vizuri mtu mwenye deni naujua, ndiyo maana nakuomba uishike ile dua aliyokuwa akiileta sana Mtume, ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuelemewa na watu. Itazame ilivyopangwa. Deni na kuelemewa na watu vimewekwa sehemu moja na huzuni na kushindwa kufanya kazi. Mambo yako yote manne yamo, na Zohali haimo.

Kuhusu ule uongozi, mimi sikuamulii. Waulize wawili watatu waliowahi kuushika: saa ngapi wanatoka kazini, walibaki na muda wa kuandika cha kwao, mshahara umepanda kiasi gani. Ukishajua, uswali rakaa mbili za istikhara, uombe kama tulivyofundishwa: ikiwa lina heri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nijaalie, ikiwa lina shari, liepushe nami na uniepushe nalo. Watu wengi husubiri ndoto. Ndoto si sharti. Unaomba, unachukua hatua kwenye lile unaloliona jema, na Mola analifungua au analifunga. Ukikubali, uwaambie tangu mwanzo unataka siku moja kila wiki ya kuandika bila vikao, na iandikwe kwenye mkataba. Wakikataa hilo, utakuwa umejua jambo kubwa kabla hujatia saini. Ukiukataa, ukatae kwa sababu zako utakazoweza kunitajia, na utanikuta niko upande wako.

Ile pesa uliyokuwa umeiweka kwa ajili ya pete, kata tiketi ya treni uje. Huku hakuna mtu atakayekuuliza lini tamthilia inatoka, nimeshawakataza.

Kaka yako nimemwambia akupigie Ijumaa baada ya swala. Akianza kukwambia mazao hayakuwa mazuri, msikilize mpaka mwisho, kisha umuulize dawa atazituma tarehe ngapi.

Mama yako